Sweta, Kiberiti na Mama Mkwe

Haya, kwa kuwa binamu yangu ameshatangaza kwenye kundi la ukoo kwamba "jamaa kavua nguo mbele ya mama mkwe," acheni niseme mwenyewe. Sikuvua nguo. Nilivua sweta. Tena nusu. Na huyo binamu hata hakuwepo.

Ilikuwa juzi Jumamosi, ukweni Njombe, baridi ile ya Julai inayomfanya mtu wa Tanga kama mimi atubu dhambi ambazo hajatenda. Tumezunguka jiko la mkaa. Shemeji yangu wa mwisho, miaka 19, kajifunika shali zito alilofuma mwenyewe. Kumbe ananunua masweta ya sufu ya mtumba, anayafumua, kisha uzi ule ule anaufuma upya. Miaka yote mimi najua vidole vyake kazi yake simu.

Ningenyamaza, heshima ningekuwa nayo hadi leo. Nikasema sufu inawasha. "Siyo yote, shem. Ya kondoo wa merino nywele zake nyembamba, haichomi." Nikasema basi kondoo wanachinjwa bure, masikini. Akasema wananyolewa, zinaota tena. Yaani katoto kananifundisha! Nikatoa silaha nzito: sisi kwetu sufu tunaiangua mtini, tunajaza mito.

"Hiyo ni sufi, baba," mama mkwe akasema taratibu.

(Msicheke. Ni herufi moja tu.)

Mwenye akili angeaga akalale. Mimi nikatangaza kwamba sweta langu, mwaka wa kumi na moja huu, ni sufu ya enzi zile, siyo maigizo ya vijana, na sufu halisi haishiki moto kijinga. Shemeji akachomoa kiuzi kwenye shali lake, akakigusisha kiberiti. Kikajikunja, kikanuka nywele zilizoungua, kikazimika chenyewe. Majivu akayasaga kwa kidole. "Haya, lako."

Ningekata uzi na mimi. Nikaona huo ni woga. Nikanyoosha mkono, nikawasha ncha ya mkono wa sweta. Mwenyewe nimo ndani.

Kwanza nilitabasamu. Halafu kamoto kakaanza kutembea ukingoni kama siafu. Kikadondoka kitone cheusi kinachochemka, kikatua kwenye sahani ya viazi, tssss. Cha pili kikatua kwenye kidole changu. Hapo nikalishika sweta kiunoni nikalivuta juu kwa nguvu zote, na shingo yake, ambayo kila siku inanining'inia kama mdomo wa gunia, ikaamua kunibana masikioni.

Giza. Harufu ya plastiki. Na humo gizani ndipo nikakumbuka ndani nimevaa nini: ile singlendi ambayo mke wangu aliifanya dekio mwezi wa tano, nami nikaiokoa kwenye ndoo. Kitambi nje, kitovu kimetokeza kwenye tundu, kinamtazama mama mkwe uso kwa uso. Nikivuta, aibu. Nikishusha, moto. Basi nikasimama vile vile, mkono juu unawaka, mnaojua mbio za Mwenge mtanielewa. Nikasikia kigoda kikiburuzwa. Mama alikuwa anageukia ukutani, kwa adabu zake, huku akiniuliza, "Baba, unaungua au unavua?"

Nikajibu, "Vyote, mama."

Kitu kizito kikanifunika mkono, moto kimya. Ni lile shali. Halikushika hata cheche, limebaki na doa jeusi tu la plastiki yangu.

Mengine madogo. Maji baridi, lengelenge moja la kidole, viazi wakapewa nguruwe. Lebo ikasomwa kwa sauti mbele ya wote: akriliki, yaani plastiki, asilimia 100. Jumapili nikapanda basi nimevaa sweta la mke wangu, la zambarau.

Nimemwomba shemeji anifumie la sufu. Kakubali. Ila kanitajia bei ya mgeni, malipo kabla ya kazi, na juu yake kaongeza gharama ya doa.