Parkinson vijijini: bingwa kwenye simu, kidonge kikikosekana dirishani

Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro. Kati ya wakazi wapatao 161,000 walipatikana wagonjwa 33 wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, kukakamaa na kwenda polepole, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Hai inapakana na Moshi, iliko hospitali ya rufaa ya KCMC. Umbali peke yake, basi, hauelezi jambo hili. Kutetemeka na kujikokota huhesabiwa uzee, na mzee haandikiwi rufaa.

Wanaotetea ushirikiano, yaani bingwa wa rufaa kumshauri tabibu wa wilaya kwa simu na video, wana hoja nzito: ugonjwa huu hutambuliwa hasa kwa macho na mikono. Video ya dakika tatu inatosha kuanzia. Mgonjwa agonganishe kidole gumba na cha shahada mara kumi kwa kila mkono, ainuke kitini akiwa amefumbata mikono kifuani, atembee mita kumi na kugeuka, kisha aandike sentensi moja. Ukakamavu wa misuli hauonekani kwenye video. Tabibu mwenyewe akunje na kukunjua kiwiko cha mgonjwa, amweleze bingwa alichohisi. Aulize pia dawa zote anazotumia, kwa kuwa haloperidoli (dawa ya magonjwa ya akili) na metoklopramidi (dawa ya kuzuia kutapika) huleta dalili zilezile.

Wanaopinga wanasema mwanakijiji anapewa huduma ya daraja la pili, na serikali inapata kisingizio cha kutoajiri mabingwa. Wanaongeza kwamba tabibu aliyefundishwa akihamishwa, kliniki inakufa naye. Hoja hii ya pili ni ya kweli kabisa, na dawa yake ni kufundisha wawili, mmoja wao muuguzi. Ya kwanza naikubali nusu: kumsomesha bingwa huchukua miaka mingi, na mgonjwa wa leo hawezi kuisubiri.

Lakini pande zote mbili zinabishana juu ya nani amwone mgonjwa, wakati mambo huharibikia zaidi kwenye dirisha la dawa. Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, pamoja na kabidopa, inayoizuia isilete kutapika, imo katika orodha ya dawa muhimu ya WHO, ikiwemo ya miligramu 250 za levodopa kwa 25 za kabidopa. Kidonge hicho kikiwa ndicho pekee kilichopo, mgonjwa hupewa nusu mara tatu kwa siku. Hapo anapata kabidopa miligramu 37.5 tu, ilhali mwili huhitaji takriban 70 hadi 100 kwa siku ili levodopa isimtapishe. Anatapika. Zahanati inampa metoklopramidi, anakakamaa zaidi, familia inahitimisha kuwa dawa ndiyo sumu na kuiacha ghafla, jambo la hatari. Bingwa hajakosea popote katika mlolongo huo. (Wengine hugeukia mbegu za upupu, ambazo zina levodopa kweli, ila kiasi chake hakitabiriki.)

Kwa hiyo naunga mkono ushirikiano, kwa sharti kwamba mfamasia wa wilaya awemo kwenye simu hiyo tangu siku ya kwanza, aagize kidonge cha 100 kwa 25 na akiba ya miezi mitatu kabla mgonjwa wa kwanza hajaanzishiwa. Baada ya wiki mbili muuguzi apige simu: anatapika? Anapata kizunguzungu akisimama? Anameza dawa nusu saa kabla ya kula?