Suruali Yangu Ilizunguka Kuliko Mimi

Kosa langu lilikuwa hesabu, tena nyepesi: njia ya mzunguko hukurudisha ulipoanzia. Sasa viatu na suruali nivibebe vya nini? Nikavua, nikavipanga juu ya mwamba katikati ya ufuo, nikabaki na kaptura na ndara.

"Shemeji, na maji je?" akauliza kaka wa mke wangu.

"Maji gani? Hii ghuba. Rasi kulia, rasi kushoto. Hapa hata wimbi huingia kwa kubisha hodi."

Na hapo sikudanganya, rasi huvunja mawimbi kweli. Ila maji kujaa hayajali rasi, na usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulikuwa mpevu: jua na mwezi vinavuta pamoja, bamvua lenyewe, maji kujaa kupita kawaida. Shemeji akanyamaza. Halafu akafunga viatu vyake kamba kwa kamba, akavitundika shingoni. Nikamcheka.

Tukapanda rasi, tukapita vichakani, tukapumzika kuliko tulivyotembea. Kutoka kupwa hadi kujaa ni kama saa sita, na maji hayapandi sawasawa. Saa ya tatu na ya nne peke yake hubeba nusu ya kimo chote. Saa hizo mimi nilikuwa nimejilaza chini ya mti, namfundisha shemeji habari za bahari.

Njia ilitimiza ahadi, ikaturudisha palepale. Tatizo, palepale hapakuwepo. Mwamba umebaki kipara tu, na suruali yangu ya nailoni inaelea, kiuno kimejaa hewa, inazunguka ghuba taratibu kama mzee anayenyoosha viungo. Ndiyo ufuo uliokingwa huo: hakuna wimbi la kuipeleka mbali, wala la kuileta karibu.

Nikaingia. Magotini, kiunoni, kifuani. Kila nikinyoosha mkono, viwimbi ninavyovitia mwenyewe vinaisukuma mbele. Mchangani mtoto akapaza sauti: "Mama, yule anamkimbiza nani?"

Niliinasa mzunguko wa pili. Kiatu cha kushoto kilijileta chenyewe. Nikatia mguu, nikautoa mbio, na kaa akatoka nao, gando kidoleni, macho yamemtoka kama mpangaji anayefukuzwa usiku. Cha kulia sijakiona mpaka leo.

Shemeji alikuwa amesimama pakavu, viatu vyake vinaning'inia.

"Shemeji," akasema, "ile hodi aliitikia nani?"