Uwanja hauna mlango wa tiketi

Tamasha likikaribia, lawama huwa ileile: hizi taasisi zinazosema zinasaidia wasanii wa maonyesho ya hadharani ni madalali tu. Zinaandika maombi balozini, fedha zikitoka zinalipa pango la ofisi na mafuta ya gari, na kijana aliyepinduka juani anarudi Manzese na posho ya siku mbili. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, nitaufikia. Ila wengi wanaoitoa hawajawahi kukaa karibu na kazi inayofanyika kabla ngoma haijapigwa.

Mwanamuziki wa ukumbini ana mlango, na anayeingia analipa. Anayecheza sarakasi ufukweni, anayepita na beni barabarani, anayetembea juu ya mironjo, ile miti mirefu ya miguuni, katikati ya soko, huyo hana mlango. Kofia ikianza kuzungushwa, watu wote ghafla wana simu za kupokea. Na utamu wake uko hapohapo: mama aliyetoka kununua dagaa anatazama bure, bega kwa bega na mtalii. Mtazamaji asipolipa, lazima alipe mwingine.

Uingereza walishalikubali hilo. Mtandao wa Without Walls, ulioanza 2007, unaunganisha matamasha ili kugharimia maonyesho mapya ya hadharani na kuyazungusha mji hadi mji. XTRAX, ya Manchester, inawaalika waandaaji wa matamasha kutoka nchi nyingine waje wayaone maonyesho hayo kwa macho yao, kisha wazungumze biashara. Kwetu kazi kama hiyo ingeitwa udalali asubuhi na mapema.

Na kwetu mlipaji wa kwanza alikuwa serikali. Miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi, wakarudi wakawa kikundi cha taifa. Vikundi vya taifa vilipovunjwa, Bagamoyo ikabaki na chuo cha sanaa, na tangu 1982 na tamasha lake. Nafasi iliyobaki wazi ndiyo iliyokuja kujazwa na mashirika haya tunayoyatupia mawe.

Chukua Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar. Lilianza Februari 2004, na kwa miaka mingi jukwaa kubwa limekuwa ndani ya Ngome Kongwe, chini ya anga tupu, na kabla yake kuna gwaride la mitaani ambalo halina tiketi. Miongoni mwa watazamaji wanakuwemo wanaopanga matamasha ya kwao, Ulaya na kwingineko Afrika, na msanii wa Unguja anapatikana palepale bila kupanda ndege.

Halafu ukaja 2016. Mwaka ule tamasha halikufanyika. Ngome ilikuwa palepale, na wasanii hawakuwa wamehama. Kilichokosekana ni fedha za wafadhili. Wakosoaji wanasema: mnaona, miaka kumi na mbili na bado haliwezi kusimama lenyewe. Mimi kila nikiutazama mwaka huo naona kitu kingine. Tamasha lile linamtoza mwenyeji kiingilio cha chini kuliko mgeni, kwa makusudi. Lingeweza kumtoza kila mtu bei ya mtalii na pengine likapunguza kuomba, lakini Ngome ingejaa watalii peke yao, na mtoto wa Michenzani angesikiliza kupitia ukutani. Kwa hiyo ufadhili tunaoucheka ndio ulioshikilia ile bei ya mwenyeji. Ulipopungua hatukupata tamasha dogo linalojitegemea. Tulipata Februari isiyo na kitu, hadi liliporudi 2017. Ukitaka kujua taasisi hizi zinafanya nini, anza na mwezi ule mtupu.

Kazi nyingine haionekani kabisa. Niliwahi kukaa na kikundi cha sarakasi, vijana kumi, wakijaza fomu ya tamasha moja la Ulaya. Palipoulizwa onyesho linachukua muda gani, waliandika: "Tunacheza mpaka watu watosheke." Paliulizwa kimo cha piramidi yao, aina ya sakafu wanayotaka, dakika za kupanga vifaa na za kuviondoa. Walitazamana. Watu hawa wanasimama mabegani mwa wenzao ghorofa tatu kwenda juu, na karatasi moja ikawakalisha chini. Na hapo viza bado: tangu Juni 2024 ada ya viza ya Schengen, ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima, hairudi hata ukinyimwa. Vijana kumi ni euro 900 kabla hata ya nauli, na juu yake bima ya matibabu yenye kinga isiyopungua euro 30,000 kwa kila mmoja, na kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Kipaji hakijazi fomu wala hakilipi ubalozi.

Sasa upande wa pili. Mwenye fedha huja na ladha yake. Ngoma ya kukesha inakatwa iwe dakika arobaini, na kijana mwenye kichekesho kizuri cha konda wa daladala anaambiwa avae ngozi ya chui, eti hicho ndicho wa kule watakachoelewa. Hilo linaudhi, na taasisi ikikubali kila agizo la namna hiyo inakuwa duka la vinyago. La pili ni uwazi, na hapa niko na wakosoaji moja kwa moja. Ukimwombea msanii kazi nje, aone mkataba: tamasha limelipa kiasi gani, ofisi imebakiza kiasi gani, kwa kazi ipi. Asilimia ya wakala ni halali, ugomvi wangu ni pale inapofichwa. Nasikia wakisema wasanii hawaelewi mikataba. Basi wafundishwe kama walivyofundishwa fomu.

Wale vijana wanaelewa. Fomu ya pili waliijaza wenyewe, mimi nikiwa mtazamaji: onyesho dakika 25, magodoro dakika 10, sakafu isiwe ya mchanga. Walipomaliza, mkubwa wao akaniuliza, "Kaka, hivi lile tamasha la kwanza lilitulipa shilingi ngapi kule?" Nikamwambia akawaulize waliowapeleka. Akasema ameshauliza mara mbili.