Nani aite majina langoni?

Tarehe 1 Oktoba 2024, makuli wapatao 45,000 wa pwani ya mashariki ya Marekani na Ghuba ya Meksiko waligoma. Siku tatu baadaye walirudi gatini na ahadi ya nyongeza ya mshahara ya asilimia 62 kwa miaka sita. Kebehi zilianza hata kabla hawajarudi. Hawa, ilisemwa, ni watu ambao wengine wao wanapata zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, chama chao kinataka kreni zisijiendeshe, na kiongozi wao Harold Daggett anatamba kwamba anaweza kuulemaza uchumi wa nchi nzima. Hicho ni chama cha wanyonge au ni genge la walinda lango?

Swali ni halali, na nitalirudia. Lakini linamkuta kuli akiwa tayari ameshiba, halafu linamshangaa kwa nini anang'ang'ania sahani. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ujira huo una historia, na historia hiyo inaanzia langoni: nani anaita majina asubuhi, na anayaita kwa kigezo gani.

Kazi ya bandari ina tabia ambayo kiwanda hakina. Meli haifiki kwa kengele. Leo zimepanga foleni nje, kesho gati ni tupu. Kwa mwajiri wa zamani, dawa rahisi ilikuwa kuwa na watu wengi kupita mahitaji, wasimame nje bila malipo, ili siku ya meli nyingi asikose mikono. Hasara ya siku isiyo na meli ilihamishwa kutoka kwenye vitabu vya kampuni ikapelekwa jikoni kwa kuli. Huo haukuwa uzembe wa mtu mmoja mbaya. Ulikuwa utaratibu, na ulizunguka dunia nzima pamoja na meli zenyewe.

London ya miaka ya 1880 ndiyo inayotajwa sana. Mnyapara alisimama langoni, umati ukasukumana na kukwea migongo ya wenzao ili mnyapara aone nyuso zao, naye akanyoosha kidole. Aliyepata bahati angeweza kupewa kazi ya saa moja au mbili, kisha akaambiwa aondoke. Agosti 1889 watu hao, ambao wataalamu wa vyama vya wafanyakazi walikuwa wamewakatia tamaa kwamba hawapangiki, waligoma kwa takriban wiki tano wakiongozwa na Ben Tillett, Tom Mann na John Burns. Michango ya zaidi ya pauni 30,000 ilitoka Australia. Kinachokumbukwa leo ni ushindi wa peni sita kwa saa badala ya tano. Mimi dai ninalolirudia kila mara ni jingine: mtu asiitwe kazini kwa chini ya saa nne. Lipime dai hilo. Hakuna anayeomba utajiri hapo. Anaomba asiamshwe alfajiri, apigane langoni, avuje jasho kwa dakika sitini, kisha arudi nyumbani na ujira usiotosha mkate.

Mombasa inatatiza simulizi hii, na ndiyo maana haifai kuachwa. Neno letu kibarua ni barua ndogo tu, kikaratasi cha siku moja. Serikali ya kikoloni ilimtazama kibarua wa bandarini kama mvivu, maana alifanya kazi siku chache kwa mwezi kisha akapotea, pengine kwenda shambani kwake. Yeye hakuona kasoro. Kandarasi ya mwezi mzima ilimfunga. Kazi ya siku ilimwachia siku zilizobaki. Tena ilimpa silaha moja ambayo mwajiri hakuwa na dawa yake: kutokuja. Utamfukuzaje mtu ambaye hukumwajiri jana? Migomo ya 1934 na 1939 ilitegemea hilo. Tarehe 13 Januari 1947 mgomo ulivuka uzio wa bandari ukawa wa mji mzima, watu wapatao 15,000 kwa siku kumi na mbili, na kutoka humo kikazaliwa chama cha African Workers' Federation cha Chege Kibachia, ambaye kabla mwaka haujaisha alikuwa amekamatwa na kupelekwa uhamishoni Kabarnet. Mwaka huohuo Dar es Salaam makuli waligoma na mgomo ukapanda na reli hadi bara.

Jibu la wakubwa lilikuwa kumfanya kibarua awe mfanyakazi wa kudumu: orodha, kadi, idadi ya siku ambazo lazima aonekane. Chama cha makuli wa Mombasa kiliundwa 1954, na mwaka uliofuata, Tom Mboya akiwa mpatanishi katika mgomo wa Machi, mshahara ulipanda kwa asilimia 33. Ni ushindi usio na shaka. Ila orodha iliyomwinua aliyemo ilimwacha nje asiyemo, na yule wa siku chache kwa mwezi ndiye aliyekuwa wa kwanza kufutwa. Kibarua chake kiliota nyasi kwa jina la maendeleo.

Kwa hiyo, orodha ni ya nani? San Francisco ilitoa jibu ambalo bado naliona bora kuliko yote. Mei 1934 makuli wa pwani ya magharibi ya Marekani waligoma kwa karibu miezi mitatu. Tarehe 5 Julai polisi waliwapiga risasi, wawili wakafa mjini San Francisco, na baada ya hapo mji wote ukasimama kwa siku nne. Walichopata hakikuwa nyongeza tu. Walipata ukumbi wa kugawia kazi, unaosimamiwa kwa pamoja na waajiri, lakini anayeita majina akichaguliwa na wanachama wenyewe. Kanuni yake unaweza kumweleza mtoto: mwenye saa chache zaidi hadi sasa ndiye anayetangulia kuitwa. Saa za kila mtu zilikuwa wazi kwa wote. Mnyapara hakuwa tena na kidole cha kunyoosha, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kumchekea wala kumpelekea chupa. Mtu aliyelalamika kuhusu kamba iliyooza hakuwa na hofu kwamba kesho hataonekana. Na siku isiyo na meli, njaa yake iligawanywa kwa wote.

Nakiri kwamba napenda ukumbi huo kupita kiasi, basi niwape nafasi wanaoupinga. Hoja yao ya kwanza ni New York. Huko chama kilikuwepo, tena kikubwa, lakini mtindo wa kunyoosha kidole langoni uliendelea hadi miaka ya 1950 kwa ridhaa ya viongozi wa chama chenyewe. Aliyekuwa tayari kumrudishia mnyapara sehemu ya ujira wake aliweka kijiti cha meno sikioni, naye mnyapara akaelewa. Wahalifu walitawala magati, na mwaka 1953 shirikisho la vyama likakifukuza chama hicho, huku majimbo mawili yakiunda tume ya kusimamia ajira za bandarini. Chama hichohicho ndicho kilichogoma 2024. Anayekishuku ana sababu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni Felixstowe. Uingereza iliunda mpango wa kitaifa wa kazi za bandari mwaka 1947: kuli aliyesajiliwa hakuweza kuachishwa kirahisi, na bodi yenye wajumbe wa pande zote mbili ndiyo iliyosimamia orodha. Felixstowe haikuwa ndani ya mpango. Ilikuwa bandari ndogo, kisha ikakua ikawa ya kwanza nchini kwa makontena, huku magati ya kale ya London yakifungwa moja baada ya jingine hadi 1981. Wapinzani husoma hapo hukumu: mizigo iliukimbia mpango. Sehemu ni kweli. Mwenye meli akipewa bandari mbili atachagua isiyo na masharti. Lakini magati ya London yalikuwa juu ya mto, finyu, yaliyochimbwa kwa meli za zama nyingine, na hata kama makuli wangekuwa malaika meli ya makontena isingegeukia humo. Kuwabebesha wao peke yao kifo cha magati hayo ni kumlaumu dereva kwa kupungua kwa kina cha mto.

Hapo tumefika kwenye sanduku lenyewe, yaani kontena, na tarakimu ambayo imenisumbua kwa muda mrefu. Tarehe 26 Aprili 1956 meli ya Malcom McLean, Ideal X, iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Hesabu inayonukuliwa tangu siku hiyo ni kwamba kupakia tani moja ya shehena ya mkono kuligharimu karibu dola sita, na kwa makontena senti kumi na sita hivi. Kila anayeandika juu ya utandawazi huipitia tarakimu hiyo kwa mshangao, kisha akaendelea na safari. Mimi hukwama hapo. Ni hesabu ya kupakia tu, ilitoka upande wa mwenye meli, na haitaji bei ya kreni, magati mapya wala makontena yenyewe. Tuichukue hivyohivyo. Dola tano na ushee zimetoweka kwenye kila tani. Zilikuwa nini? Kwa sehemu kubwa zilikuwa ujira: watu waliokuwa wakishuka tumboni mwa meli na kulabu mkononi, wakipanga magunia na mapipa kwa ustadi ili shehena isisogee baharini. Zilipotoweka ziligawanywa kwa nani? Mnunuzi alipata sehemu, mwenye meli sehemu. Sioni kwa nini kuli akiuliza sehemu yake aitwe adui wa maendeleo, ilhali mwenye meli akichukua yake anaitwa mbunifu.

Harry Bridges, kiongozi wa makuli wa magharibi tangu 1934, aliuliza bila aibu. Alijua mashine haizuiliki. Kilichobaki ni bei. Mkataba wa 1960 uliwaachia waajiri uhuru wa kuingiza mitambo na kufuta kanuni za zamani za ukubwa wa vikundi. Nao wakatoa dola milioni 29 kwa miaka mitano na nusu, kwa ajili ya kustaafu mapema na kuwahakikishia waliosajiliwa kwamba hawataachishwa. Linganisha na mahali ambapo hakukuwa na chama cha kuuliza: huko mashine ileile iliingia, watu walewale wakaondoka, bila hata senti. Dosari ya mkataba haikuwa ulafi bali mpaka wake. Chini ya wanachama kamili walikuwepo watu wa daraja B, waliofanya kazi nzito zaidi bila kura, na mwaka 1963 makumi yao walifutwa kwenye orodha. Chama kilichozaliwa kwa kupinga kidole cha mnyapara kilikuwa kimeota kidole chake.

Mabaharia wanastahili makala yao. Hapa nitagusa tu kwa nini njia yao ilikuwa ngumu kuliko ya makuli. Hata neno la Kiingereza la mgomo, strike, lenye maana pia ya kutua tanga, ni lao, kwani mwaka 1768 mabaharia wa London walitua matanga ili meli zisiondoke. Lakini kuli akigoma hulala kwake. Baharia akigoma yuko ndani ya mali ya mwajiri, na kwa karne nyingi kuiacha meli kulimpeleka jela. Mwaka 1897 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mabaharia wa meli Arago, ilisema kwamba katazo la utumwa kwenye katiba haligusi mkataba wa baharia. Andrew Furuseth, kiongozi wa chama cha mabaharia, alipigania miaka mingi hadi sheria ya 1915 ikafuta kifungo hicho. Sheria hiyohiyo ilitaka asilimia 75 ya mabaharia wa kila idara waelewe lugha ya maofisa, kipengele kilicholenga kuwaondoa mabaharia wa Asia. Chama cha Furuseth kilikuwa wazi kuhusu hilo, na anayekisifu hana budi kulimeza pia.

Wenye meli nao walipata njia ya kukwepa vyama bila kubishana navyo: kubadili bendera, yaani kusajili meli katika nchi nyingine yenye masharti mepesi. Shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa usafirishaji linapiga vita bendera za kukodi tangu 1948, na nguvu yake kubwa humo, kwa kiasi fulani, ni makuli wanaoweza kukataa kuihudumia meli. Nguvu hiyo ina kikomo. Machi 2022 P&O Ferries, kampuni ya vivuko, iliwafukuza karibu mabaharia 800 kwa ujumbe wa video, na mkuu wake akawaambia wabunge wa Uingereza kwamba waajiriwa wapya wangelipwa wastani wa pauni 5.50 kwa saa, na kwamba kampuni iliamua kwa makusudi kutoshauriana na vyama ingawa sheria iliitaka. Ujira huo ulikuwa chini ya kima cha chini cha nchi ambayo abiria wengi walipandia.

Tukirudi kwa mpango wa Uingereza, serikali ya Margaret Thatcher iliufuta 1989. Waliosema kwamba hatua hiyo haitarudisha kibarua cha siku walijibiwa mapema. Septemba 1995 makuli wapatao 500 wa Liverpool walikataa kuvuka mstari wa mgomo wa wenzao waliokuwa wamefukuzwa kwenye kampuni ndogo, nao wakapoteza kazi. Walisimama nje ya lango hadi Januari 1998, wakiungwa mkono na magati ya nchi nyingi, kisha wakakubali fidia wakaondoka. Wengi walihitimisha kwamba habari ya vyama bandarini hapo imeisha. Septemba 2022 makuli wa Liverpool waligoma tena, na Novemba walisaini mkataba wenye nyongeza ya kati ya asilimia 14.3 na 18.5.