Zimamoto wa Pentagon nao wapewe sifa zao

Afadhali leo kwenye makala yenu mmewaandika hawa waliozima moto Pentagon, yale makao makuu ya ulinzi ya Marekani, maana kila kumbukumbu ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 ikifika stori ni New York tu utadhani Pentagon hakukufa mtu wakati walikufa 184 ukijumlisha na abiria na wahudumu wa ile ndege iliyotekwa ikagonga jengo. Ila mmesahau zimamoto watatu wa jeshi waliokuwa pale pale kwenye kiwanja cha helikopta, saa 3:37 asubuhi wawili waliokuwa nje wakaona ndege inakuja chini chini, wakatimua mbio kuokoa roho zao, ikagonga jengo, gari lao la kuzimia moto kwa povu likashika moto kwa nyuma, jamaa mmoja karudi kaingia ndani kaliwasha linaunguruma lakini haliendi popote, akaita msaada kwa redio kisha wakaenda kuwapokea watu madirishani! Yaani zana imeungua kabla kazi haijaanza.

Halafu kuna mdau mwingine kwenye maoni anasema jeshi ndilo liliongoza uzimaji, hapana ndugu, aliyeshika usukani ni zimamoto wa kaunti ya Arlington, eneo ilipo Pentagon, raia kabisa. Na walikuwa wanakatishwa katishwa, wakisikia tu kuna ndege nyingine inakuja wote tupa mipira ya maji kimbia, baadaye rudini, moto nao haukusubiri. Lile paa la jengo ndo liliwatesa, juu vigae vya mawe chini yake mbao, umwage maji unavyotaka yanateleza tu, ikabidi wapande wakalikate kuuzuia usisambae, na kesho yake bado wanahangaika nalo.