Fedha za Ulaya, Mafundi wa China

Northvolt ilipofilisika Machi 2025, wachambuzi wengi walikimbilia kulaumu bei ya umeme na ushindani wa China. Mimi sikubaliani nao. Kiwanda hicho cha betri za magari kilijengwa Skellefteå, kaskazini mwa Sweden, eneo lenye umeme wa maji wa bei nafuu ambao sehemu nyingine za Ulaya zinauota tu. Fedha nazo hazikuwa haba: tangu kampuni ianzishwe mwaka 2016 ilikusanya takriban dola bilioni 15 kutoka kwa wanahisa, wakopeshaji na serikali. Volkswagen, BMW na Scania walikuwa wanasubiri mzigo. Kilichokosekana ni watu wanaojua kutengeneza betri.

Seli ya betri ya gari huanza kama rojo zito jeusi. Rojo hilo hupakwa juu ya utepe wa shaba au alumini mwembamba kuliko unywele, likapitishwa kwenye tanuri refu likauke, likashindiliwa kwa rola, likakatwa, kisha tabaka zikapangwa au kuviringishwa. Unyevu wa hewa ukipanda kidogo tu chumbani, seli zimeharibika. Chembe ya chuma isiyoonekana kwa macho ikidondokea ndani, shoti inaweza kutokea miezi kadhaa baadaye gari likiwa barabarani. Mpako ukinenepa upande mmoja, kazi ya zamu nzima inakwenda jalalani. Yote haya yamo vitabuni. Ila kujua kwamba rola hii ikianza kulia hivi basi mpako umeshakosewa, hilo halimo. Analijua aliyesimama mbele ya rola hiyo kwa miaka, na watu wa aina hiyo wako Ningde, China, na Korea Kusini.

Mashine nyingi za Skellefteå zilitoka Asia, zikiwemo za kampuni ya Kichina ya Wuxi Lead. Zilipofungwa, kiwanda kilibaki kinasuasua: mwaka 2023 kilizalisha chini ya asilimia 1 ya uwezo kiliopangiwa. Wakati huohuo wakubwa wa kampuni walikuwa wameshatangaza viwanda vingine Ujerumani na Kanada, kama vile cha kwanza kimeshaota mizizi. Juni 2024 BMW ikafuta oda ya euro bilioni 2. Novemba, kampuni ilipokimbilia ulinzi wa mahakama nchini Marekani, ilikuwa na dola milioni 30 mkononi na madeni ya karibu dola bilioni 5.8.

Brussels, yaani wakuu wa Umoja wa Ulaya, wanapenda kusema China imeshinda kwa sababu ya ruzuku. Ruzuku zilikuwepo, tena nono. Lakini CATL, mtengenezaji mkubwa wa betri za magari duniani, ilipoanzishwa mwaka 2011 ilitoka tumboni mwa kampuni nyingine, ATL, iliyokuwa inatengeneza betri za vifaa vya mkononi tangu 1999 na ambayo baadaye ilinunuliwa na TDK ya Japani. Wale watu walikuwa wameshaharibu seli kwa miaka kumi na zaidi kabla ya kugusa betri ya gari. Ruzuku ya Beijing iliwakuta mafundi tayari wapo. Ruzuku ya Ulaya ilikuta kiwanja kitupu, na viongozi wenye mkasi wa kukatia utepe.

Ripoti ya Mario Draghi, aliyewahi kuwa mkuu wa Benki Kuu ya Ulaya, ya Septemba 2024 ilisema Umoja wa Ulaya unahitaji uwekezaji wa ziada wa euro bilioni 750 hadi 800 kila mwaka. Ni ripoti nzito, na kuhusu nishati ana haki: umeme wa viwandani Ulaya hugharimu mara mbili hadi tatu ya bei ya Marekani, na gesi mara nne hadi tano. Baada ya bomba la Urusi kukauka, kampuni ya kemikali ya BASF ilifunga kiwanda kimoja cha amonia pale Ludwigshafen, Ujerumani, huku ikijenga mtambo wa karibu euro bilioni 9 huko Zhanjiang, China. Hilo ni pigo la kweli. Ila mtu akiniambia nafuu ya umeme ndiyo dawa, nitamrudisha Skellefteå. Akiniambia ni fedha, nitampeleka Magdeburg, ambako serikali ya Ujerumani iliiahidi Intel karibu euro bilioni 10 ili ijenge kiwanda cha chipu. Julai 2025 Intel ikaachana na mradi huo.

Waingereza, ambao hata hawamo tena kwenye Umoja, ndio walionigusa zaidi. Jumamosi ya tarehe 12 Aprili 2025 wabunge waliitwa kutoka likizo ya Pasaka, wakapitisha sheria ya chuma ndani ya siku moja. Sababu ya haraka yote hiyo ilikuwa matanuru mawili ya Scunthorpe, ya mwisho ya aina yake nchini baada ya yale ya Port Talbot kuzimwa mwaka 2024. Tanuru la kuyeyushia madini ya chuma halizimwi Ijumaa likawashwa Jumatatu. Likikosa makaa na madini, chuma kilichoyeyuka huganda ndani kikawa jabali, na tanuru hilo hulifufui kirahisi. Jingye, wenye mali kutoka China, walikuwa wanapata hasara na hawakutaka kuendelea kununua malighafi. Serikali ikachukua usukani.

Nadhani walifanya vizuri. Lakini Mtanzania ukisoma habari hiyo lazima ucheke kidogo kwa uchungu. Miaka ya 1980 na 1990 IMF na Benki ya Dunia, na wafadhili wa Ulaya nyuma yao, walituhubiria kwamba serikali kung'ang'ania kiwanda kinachopata hasara ni dhambi. Kweli viwanda vyetu vingi viliendeshwa hovyo, sitavitetea. Ila Mwatex, kiwanda cha nguo cha Mwanza, iliposimama, waliotawanyika walikuwa mafundi waliojua kila kitanzi cha mashine zile. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wahenga. Mhunzi akiondoka, je?

Tangu Oktoba 2024 Umoja wa Ulaya unatoza magari ya umeme kutoka China ushuru wa ziada juu ya ule wa kawaida wa asilimia 10: BYD asilimia 17, SAIC asilimia 35.3. Ushuru unanunua muda, basi. BYD wanajenga Szeged, CATL wanajenga Debrecen kwa euro bilioni 7.3, zote Hungaria. Karibu na Zaragoza, Hispania, CATL na kampuni ya magari ya Stellantis wanajenga kiwanda cha euro bilioni 4.1 kwa ubia wa nusu kwa nusu, na imeripotiwa kwamba mafundi wapatao 2,000 watatoka China kuja kukisimamisha. Jirani zetu wa Kenya wanalijua swali linalofuata, maana walilipigia kelele tangu SGR ya Mombasa ilipoanza: wenyeji watakabidhiwa usukani lini?

China yenyewe ilishalijibu. Volkswagen walipoingia Shanghai katikati ya miaka ya 1980 walitakiwa wawe na mbia wa Kichina na vipuri vizidi kutengenezwa hapohapo. Miaka karibu arobaini baadaye, mwaka 2023, Volkswagen hao wakalipa kama dola milioni 700 kununua karibu asilimia 5 ya Xpeng, kampuni ya Kichina ya magari ya umeme, ili waunde nayo magari ya soko la China. Mwalimu amerudi darasani. Sioni aibu yoyote hapo, na laiti ningekuwa Brussels ningewaiga Wachina bila kupepesa macho: ruzuku ilipwe kwa awamu, kadiri seli nzuri zinavyotoka na kadiri mafundi wenyeji wanavyoshika zamu wenyewe.

Kinachonitia shaka ni kwamba Ulaya inawaachia hata wale ilionao. Makubaliano ya Desemba 2024 kati ya Volkswagen na chama cha wafanyakazi yanapunguza ajira zaidi ya 35,000 nchini Ujerumani ifikapo 2030, kwa hiari na kwa kustaafu mapema. Ni njia ya kiungwana, hakuna anayetupwa barabarani. Lakini anayestaafu mapema ndiye anayejua zaidi. Kule Görlitz, mashariki mwa Ujerumani, kiwanda cha mabehewa ya treni cha Alstom kinahamia mikononi mwa kampuni ya silaha ya KNDS kitengeneze sehemu za vifaru, na sehemu ya wachomeleaji wake wanabaki. Sishabikii vifaru. Hata hivyo mkono wa mchomeleaji ukiendelea na kazi, kesho unaweza kurudi kwenye mabehewa.

Na sisi tumo katika hesabu hizi. Sheria ya Ulaya ya madini muhimu ya mwaka 2024 inalenga asilimia 40 ya mahitaji yao isafishwe kwao ifikapo 2030. Kongo wanataka kobalti isafishwe Kongo, nasi tunataka nikeli ya Kabanga isafishwe Kahama. Wote tunawinda wataalamu walewale, na wengi wao ni Wachina. Mkataba wa Kabanga ukiwekwa hadharani, kabla ya mrabaha ningetaka kuona vijana wangapi wa VETA wataingia kwenye zamu za kusafisha madini, na mwaka gani wataachiwa waendeshe peke yao.