Mashine ya presha ikae mbali na injini yako

Msimamo wangu ni huu: injini ya gari isafishwe, tena isafishwe vizuri, ila ile mashine ya presha ya kuoshea kwa maji isiguse kitu chochote chini ya boneti. Najua wengi mtabisha kwasababu kila sehemu ya kuoshea magari hapa Dar ukifika tu kijana anakuuliza "bosi na injini tuipige?", na ukiitikia anafungua boneti anaimwagia sabuni na kuipiga maji mpaka inang'aa, we unalipa unaondoka una furaha. Gari ikianza kumisi kesho yake asubuhi, yaani injini inakatakata na kutetemeka, hata humkumbuki.

Hebu tuangalie namba kidogo. Tairi la gari ndogo tunalijaza upepo wa psi (kipimo cha presha) 30 mpaka 35 hivi, mashine ya presha inatema maji kwa zaidi ya psi 1,000, na hayo maji yanaelekezwa kwenye soketi za waya zenye vimpira vidogo ambavyo vilitengenezwa kuzuia maji yanayorushwa na barabara wakati wa mvua, sio maji yanayosukumwa kwa nguvu kutoka sentimita chache. Alteneta ina matundu ya kupitisha hewa, maji yanaingia humo moja kwa moja. Fyuzi boksi, sensa, ea klina (chujio la hewa ya injini), kontroli boksi (kompyuta ya injini) kwa zile gari ambazo imefungwa huko mbele, vyote viko hapo hapo. Hata rejeta yenyewe, vile vibati vyake vyembamba vinalala ukivipiga presha kwa karibu, halafu hewa haipiti vizuri na gari inaanza kuchemsha.

Chukua Toyota IST au Vitz, zile zenye injini ya 1NZ au 2NZ, maana ndizo zimejaa mtaani. Toa lile kava la plastiki la juu utaona koili nne, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, zimesimama kwa mstari, kila moja imeingia kwenye shimo lake na chini kabisa ndiko plagi inayotoa cheche iliko. Maji yakipenya kwenye shimo yanakaa, hayana pa kutokea, umeme unapotea njiani badala ya kufika kwenye ncha ya plagi na gari inamisi, taa ya cheki injini inawaka, ukipima kwenye mashine ya kusoma makosa ya gari unakuta P0300 au P0301 kwenda mbele, ndizo kodi za gari kumisi. Hapo ndo unaambiwa koili zimekufa nunua mpya. Jamani kabla hujatoa hela chomoa koili, puliza shimo kwa upepo wa kompresa, kausha koili yenyewe vizuri, rudishia kisha jaribu. Mara nyingi tatizo lilikuwa ni maji tu.

Lingine linaloniumiza ni petroli na mafuta ya taa. Watu wanachovya brashi kwenye petroli wanasugua injini ambayo imetoka kwenye foleni ya Mbagala muda huo huo! Petroli inatoa mvuke wa kushika moto kwenye joto lolote la hapa kwetu, cheche moja ya betri inatosha. Mafuta ya taa nayo yanafikia hatua hiyo kwenye nyuzi 38 hivi, wakati injini iliyotoka barabarani maji yake ya rejeta peke yake yako kwenye nyuzi 90 na eksozi iko juu zaidi ya hapo mara kadhaa. Na hata usipoungua, mipira ya maji na belti hazipatani na mafuta, zinavimba na kulegea taratibu. Sabuni kali zenye kostiki soda pia achana nazo, silinda hedi nyingi ni alumini na kostiki inaila alumini.

Sasa mimi nafanyaje. Gari nalaza, nasafisha asubuhi injini ikiwa imepoa kabisa, kwasababu maji ya baridi kwenye eksozi yenye moto yanaweza kuipasua na dawa ya kusafishia inakaukia pale pale na kuacha mabaka. Nazima gari kabisa, ufunguo unatoka, natoa temino ya nagetivu ya betri, maana feni ya rejeta kwenye gari nyingi inajiwasha yenyewe, we mkono uko ndani. Wale wanaoosha injini ikiwa inaunguruma eti ili ikauke haraka siwaelewi kabisa, belti inazunguka na ea klina inavuta maji. Halafu nafunika alteneta, fyuzi boksi, koili na mdomo wa ea klina kwa nailoni, mifuko ya rambo ilishapigwa marufuku tangu 2019 lakini nailoni za vifungashio zipo tele nyumbani.

Matope ya oili yaliyoganda nayatoa kwanza makavu, kwa kijiti na tambara. Hii hatua watu wanairuka na ndio inayopunguza kazi, na pia uchafu unaishia kwenye tambara badala ya kwenda kwenye mtaro na kuishia mto Msimbazi. Kisha dawa ya kuondoa grisi, ile inayochanganywa na maji, napaka kwa brashi na mswaki kwenye pembe, naacha dakika chache bila kuiacha ikauke, nasugua, nafuta kwa tambara lenye maji safi. Mpira wa maji wa kawaida nautumia kidogo sana, kwa chini tu, maji yakitoka taratibu. Baada ya hapo boneti inabaki wazi juani mpaka pakauke kabisa, natoa nailoni, narudishia betri, nawasha inaunguruma dakika kumi hivi. Kama una gari ya haibridi (injini na mota ya umeme pamoja) kama Aqua au Prius, zile waya za rangi ya chungwa na ile inveta, boksi la kugeuza umeme wa betri kubwa, usizipelekee maji kabisa, huo ni umeme mkubwa, futa kwa tambara lenye unyevu tu uishie hapo.

Na sababu hasa ya kusafisha ni kuona oili inatokea wapi. Injini iliyojaa vumbi na oili fundi anakisia tu, atakwambia oili sili kumbe ni gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) inavujia juu na oili inateremka mpaka chini. Hiyo ya tapeti kava usiidharau, oili ikidondokea eksozi utasikia harufu ya kuungua na inaweza kuwasha moto. Safisha, endesha siku mbili tatu, fungua boneti uangalie kuanzia juu kushuka chini, sehemu ya juu kabisa yenye oili mbichi ndo mwanzo wa tatizo.

Kwahiyo ukienda kununua gari ya mkononi ukakuta injini inang'aa utafikiri imeshuka bandarini leo, usifurahi haraka, huenda imeoshwa kuficha oili inayovuja. Muulize muuzaji imeoshwa lini, iendeshe mpaka ipate moto vizuri, paki sehemu kavu utandike boksi la karatasi chini ya injini, kaeni mpige stori nusu saa halafu angalia lile boksi kama lina matone ya oili.